Unanunua Shamba, Unaomba Ujirani

Watu wanaotoka mjini kutafuta shamba huwa na maswali waliyokwisha kuyapanga. Ekari inauzwa shilingi ngapi? Kutoka barabara ya lami ni umbali gani? Nguzo za umeme zimefika? Kisima kikichimbwa, maji yatatoka matamu au ya chumvi? Iwe ni Mkuranga, Kisarawe au Bagamoyo kwa mtu wa Dar es Salaam, au Magu kwa mtu wa Mwanza, maswali ni hayohayo, na yote ni ya haki. Swali linalosahaulika ni la watu: hapa wanaishi akina nani, wananifahamu kwa lipi, na wakiulizwa kesho kama shamba hili ni langu watajibu nini? Hoja yangu ni kwamba swali hilo la mwisho lilipaswa kuulizwa kwanza. Tumezoea kutenga usalama wa ardhi na raha ya kuishi kijijini, tukidhani usalama ni kazi ya makaratasi na raha ni suala la tabia njema. Kwa jinsi sheria yetu ya ardhi ilivyotungwa, na kwa jinsi vijiji vyetu vinavyoishi, vyote viwili vinatoka mkononi mwa wanakijiji, na namna unavyonunua ndiyo itakayoamua utaishi vipi baada ya kununua.

Nianze na sheria, kwa kuwa wengi wanaipita kwa haraka. Ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Imegawanywa katika makundi matatu, yaani ardhi ya jumla, ardhi ya hifadhi na ardhi ya vijiji. Hili kundi la tatu linaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Msimamizi wake ni Halmashauri ya Kijiji, chombo chenye wajumbe wasiopungua 15 wala kuzidi 25, nacho hakiwezi kumgawia mtu ardhi mpaka Mkutano Mkuu wa Kijiji uridhie. Mkutano Mkuu ni wakazi wote waliotimiza miaka 18, yule bibi anayeuza vitumbua na yule kijana wa bodaboda wakiwemo. Mwenyekiti wa kijiji peke yake hana ardhi ya kukupa. Mtendaji hana, mwenyekiti wa kitongoji hana, balozi hana. Hata pale mwanakijiji anapouza kipande chake mwenyewe alichorithi au kufyeka, uhamisho huo unapita kwa Halmashauri ya Kijiji, na sheria inamtazamia mnunuzi awe mkazi wa hapo, au anayefanya kazi hapo, au mwenye nia ya kuja kuishi au kufanya kazi hapo. Soma tena sharti hilo la mwisho. Sheria haikumfikiria mtu atakayenunua na kutoweka.

Mahakama nazo zimelishikilia jambo hili. Tangu mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ilikwisha kuamua kwamba mauziano ya ardhi ya kijiji yasiyo na idhini ya Halmashauri ya Kijiji hayana nguvu. Hata hivyo mpaka leo mikataba inaandikwa ofisini kwa wakili mjini, mnunuzi akiwa na shahidi wake na muuzaji na wa kwake, halafu karatasi inapelekwa jioni nyumbani kwa mwenyekiti ili igongwe muhuri. Mnunuzi anaondoka na nakala nne zilizosainiwa kila ukurasa, akiamini amemaliza. Wakili amefanya kazi yake, ameshuhudia kwamba watu wawili wamekubaliana. Kilichobaki, ambacho hawezi kukifanya yeye, ni kukiuliza kijiji. Kwa hiyo unapofika kwenye ofisi ya kijiji, usiombe muhuri; omba kikao. Omba jambo lako liingizwe kwenye ajenda, uwepo siku hiyo, na baada ya hapo upewe nakala ya muhtasari wenye tarehe, majina ya waliohudhuria, maelezo ya kipande kinachouzwa na uamuzi uliofikiwa. Muhtasari huo ukae kwenye faili moja na mkataba wako. Na kama kuna malipo yoyote ya kijiji, yalipwe ofisini na ukatiwe stakabadhi. Ile asilimia kumi ambayo viongozi wengine huidai kama desturi haiwi halali kwa kuzoeleka, na kiongozi anayeichukua mkononi bila stakabadhi ni yuleyule ambaye kesho atamuuzia mwingine hapohapo.

Najua pingamizi linalotolewa hapa, nalo si la kupuuza. Watu husema: nikipita mikutanoni, habari itaenea, bei itapanda, watajitokeza ndugu wa muuzaji wasiojulikana, na jambo la wiki moja litachukua miezi mitatu. Yote hayo yanaweza kutokea. Lakini hebu tuyapime. Ndugu anayejitokeza mkutanoni kudai sehemu yake kabla hujatoa pesa amekusaidia. Ndugu yuleyule angejitokeza baada ya wewe kujenga, na wakati huo angekuja na samansi. Madai ya ardhi kwa sheria ya ukomo yana muda wa miaka 12, hivyo ukimya wa mwaka wa kwanza na wa pili si dalili ya amani. Bei kupanda, hilo ni kweli mara nyingine, na mara nyingi maana yake ni kwamba bei ya mwanzo ilikuwa ya mtu mwenye shida aliyekuwa peke yake. Miezi mitatu nayo ina faida yake: inakupa nafasi ya kuonekana, kusalimiana, kuulizwa ulikotoka na unataka kufanya nini. Mtu aliyepitishwa na mkutano ameshatambulishwa kwa kijiji kizima bila kugharamia sherehe.

Kuna sababu nyingine ya kuwahitaji wenyeji, na hii inatoka kwenye historia yetu. Kati ya mwaka 1973 na 1976 Operesheni Vijiji ilihamisha mamilioni ya watu kutoka mashamba yao ya asili na kuwaweka kwenye vijiji vipya. Wengine waligawiwa ardhi iliyokuwa ya wenzao. Miaka ya themanini baadhi ya wenye mashamba ya zamani walirudi kuyadai, na kesi zikajaa. Tume ya Rais ya kuchunguza masuala ya ardhi, iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji na kuundwa mwaka 1991, ilizunguka nchi nzima kusikiliza malalamiko hayo, na mwaka 1994 Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba. Hivyo kipande unachooneshwa leo, chenye mihogo na mikorosho michache, kinaweza kuwa kilikuwa cha ukoo mmoja kabla ya 1974, kikagawiwa ukoo mwingine, kikaachwa pori, kisha kikafyekwa na huyu anayekuuzia. Habari hizo mara nyingi haziko kwenye jalada la wilaya. Ziko kwa wazee. Mzee wa miaka 70 aliyekuwa kijana wakati wa operesheni anakumbuka nani alihamishiwa wapi na nani aliondoka kwa hasira. Ukimwendea kwa heshima, ukapiga hodi, ukampa shikamoo yake na kukaa chini bila kutazama saa, atakuambia mambo ambayo dalali hayajui au hataki uyajue.

Wazee hao hao ndio wanaojua mila ya mahali, na mila hazifanani. Kwa Wachaga, kihamba ni ardhi ya ukoo yenye makaburi ya wazazi, na anayemuuzia mtu wa nje mara nyingi anauza kwa kificho. Kwa Waluguru, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, ardhi ya lukolo haiwezi kuelezwa kikamilifu na mume peke yake. Katika pwani, mti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe tofauti: umenunua shamba, lakini minazi sita upande wa magharibi ni ya shangazi wa muuzaji, au imewekwa rehani kwa jirani tangu mwaka juzi. Uliza kuhusu kila mti wa matunda, na majibu yaandikwe kwenye mkataba. Uliza makaburi yako wapi, kisha nenda ukayaone, na muafikiane kwa maandishi kwamba familia itaendelea kuyazuru. Zaidi ya yote, muulize mke. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inazuia nyumba ya familia kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji inafuta mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Mume akikwambia mke wangu hana neno, jibu kwamba umefurahi kusikia hivyo na kwamba utasubiri aje aliseme mwenyewe na kusaini. Hapa sioni nafasi ya kuoneana haya. Shamba linalouzwa wakati mama wa watoto yuko kisimani, bila yeye kujua, ni shamba la dhuluma hata kama mahakama haijasema.

Baada ya watu, ndipo ardhi yenyewe. Itembee mipaka yote kwa miguu, na usitembee na muuzaji tu. Waalike majirani wa pande zote nne, kila mmoja asimame kwenye mpaka wake aseme unapita wapi. Mpaka kijijini unaweza kuwa mstari wa minyaa, katani iliyopandwa na babu, mfereji, kisiki cha mwembe au masale kule Kilimanjaro. Majirani wakikubaliana, pandeni alama mpya siku hiyohiyo, pigeni picha mkiwa mmesimama wote, na majina yao yaingie kwenye mkataba pamoja na saini au dole gumba. Halafu pima. Vijiji vingi hupima ekari kwa hatua 70 kwa 70, na kipimo hicho kina mantiki yake: hatua ndefu ya mtu mzima ni kama yadi moja, na yadi 70 kwa 70 ni yadi za mraba 4,900, karibu kabisa na 4,840 za ekari kamili. Tatizo ni miguu. Mpimaji mwenye hatua ya sentimita 70 akihesabu sabini kwa sabini amekupa mita za mraba 2,401, wakati ekari ni takriban 4,047. Umelipia ekari kumi, umepata sita. Mwingine anapima kwa mita 70 kwa 70, na hapo mnunuzi ndiye anayeongezewa. Chukua kamba ya kupimia, kubalianeni kwanza ekari ni nini, andikeni urefu wa kila upande kwa mita. Kufanya hivyo mbele ya wote hakuonyeshi kwamba humwamini mtu. Kunamwondolea muuzaji lawama ya baadaye na wewe manung'uniko.

Mengine nitayapitia upesi kwa kuwa yanajulikana zaidi. Shamba lione kiangazi ujue maji yanatoka wapi mwezi wa kumi, na ulione masika ujue barabara inafikika na bonde linajaa kiasi gani. Mafuriko ya Aprili 2024 kule Rufiji na Kibiti yalifunika mashamba ambayo mtu angeyaona Septemba angeyapenda kwa rutuba yake. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au ufukwe. Kando ya barabara kuu na za mkoa, hifadhi ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Uliza pia kama kijiji kina mpango wa matumizi bora ya ardhi, maana unaweza kuuziwa sehemu iliyotengwa kwa malisho au msitu wa kijiji, na hapo hata mkutano ukikupitisha, siku moja utaondolewa. Raia wa nje kwa kawaida haruhusiwi kumiliki ardhi isipokuwa kwa njia ya uwekezaji, na Mtanzania aliyechukua uraia wa nchi nyingine asikimbilie kununua kwa jina la binamu yake. Jina lililo kwenye karatasi ndilo litakalotambuliwa.

Sasa nije kwenye pingamizi zito kuliko yote. Msomaji makini atasema: mbona unatutwisha mizigo ya ujirani? Nitanunua kiwanja kilichopimwa, chenye hati, nitafanya upekuzi ofisi ya ardhi, basi. Nikimaliza sina haja ya kumwomba mtu akubali kwamba ni changu. Ni kweli kwamba hati ina nguvu, na mwenye uwezo wa kununua eneo lililopimwa anapunguza hatari nyingi. Hata kwenye ardhi ya kijiji ninakushauri usiishie kwenye muhtasari. Omba Hati ya Hakimiliki ya Kimila, ambayo husainiwa kijijini na kusajiliwa wilayani, na jina lako liingie kwenye masjala ya ardhi ya kijiji. Lakini hati ni jibu la swali litakaloulizwa mahakamani. Haizuii mtu kuhamisha jiwe la mpaka usiku, haizuii moto wa kuandaa mashamba kuvuka kuja kwenye mikorosho yako, wala haikupigii simu kwamba kuna watu wamekuja na vibao vya viwanja vinauzwa ndani ya shamba lako. Jirani ndiye anayepiga simu hiyo. Na pale mji unapokua, eneo likatangazwa kuwa la mipango miji na wathamini wakaja kuhesabu mazao na majengo kwa ajili ya fidia, mwenyeji aliyepo na anayejulikana ndiye huonyesha mipaka. Asiyekuwepo na lake halipo. Kenya, ambako mashamba mengi yana hati kwa muda mrefu zaidi, Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka 1967 bado inataka uuzaji wa ardhi ya kilimo upate kibali cha bodi ya eneo husika, na kuombwa kwake kuna muda, miezi sita. Nao wenye hati waliona kwamba hati peke yake haitoshi kueleza nani anaathirika na mauzo.

Pingamizi jingine linatoka upande wa pili, kwa wale wanaosema watu wa mjini wasinunue ardhi vijijini kabisa. Wana sababu. Ardhi nyingi inayouzwa kwa bei ya kutupa inauzwa kwa ajili ya matibabu, ada au deni, na familia iliyouza ekari zake nne za mwisho hubaki ikilima vibarua kwenye ardhi iliyokuwa yake. Siwezi kusema hilo halinihusu kwa sababu tu mauziano yalikuwa ya hiari. Ndiyo maana mnunuzi mwadilifu anapaswa kuuliza: ukiniuzia hiki, utabaki na nini? Kama jibu ni hakuna, kodi badala ya kununua. Kukodi shamba kwa msimu au miaka miwili kunamsaidia mwenye shida kupata pesa bila kupoteza ardhi, na kunakusaidia wewe kukijua kijiji kabla ya kujifunga. Mkiona mnaelewana, mtazungumza habari ya kununua baadaye, au utapata kipande kwa mtu mwenye ekari za kutosha. Tena nunua kiasi unachoweza kukitumia kweli. Ekari thelathini zilizokaa pori huku vijana wa kijiji wakikosa pa kulima zinazaa chuki, na hakuna mlinzi wa kuizuia chuki hiyo.

Ukishapata, kazi ya kuishi na watu inaanza, na hapa wageni wengi wa mjini hukosea kwa kudhani kijiji kinataka pesa zao. Kijiji kinataka kukuona. Mahali pa kwanza pa kuonekana ni msibani. Mtu akifariki, wanaume wanachimba kaburi, wanawake wanapika na kuchota maji, michango inaandikwa kwenye daftari na majina yanasomwa. Ukituma laki moja kwa simu bila kufika, umeandikwa. Ukifika na elfu tano ukashika jembe kwa zamu yako, umekaa kwenye kumbukumbu. Mahali pa pili ni mkutano mkuu, ambao kisheria hukutana angalau kila miezi mitatu. Ndipo inapozungumzwa barabara, choo cha shule, mgambo, mifugo, mapato ya kijiji. Keti nyuma mara mbili tatu, sikiliza, usianze kwa kuwafundisha watu. Mahali pa tatu ni kazi za pamoja, kama msaragambo wa kufukua mfereji kule Upareni au siku ya kusomba mawe ya zahanati. Na kuna mambo ya furaha yasiyohitaji kufundishwa: arusi, maulidi, kipaimara, ngoma baada ya mavuno, jirani anayekuletea fungu la mhogo mbichi kwa sababu tu amechimba leo. Maisha hayo ndiyo watu wanayokwenda kuyatafuta wanapochoka na foleni na geti la chuma. Huwezi kuyapata kwa kuhamisha geti la chuma kwenda nalo.

Wataniomba, wataniomba kila siku, ndivyo wengi wanavyolalamika. Wataomba, ndiyo, hasa mwanzoni, na hasa ukifika kwa gari kubwa na kugawa noti. Dawa yake ni utaratibu. Changia kile wanachochangia wengine, kupitia njia wanazotumia wengine: kamati ya msiba, kikundi cha kuweka na kukopa, chombo cha watumia maji, mfuko wa shule. Ukijiunga na kikundi cha hisa ukaweka hisa sawa na wenzio, na ukakopa na kurejesha kama wao, unakuwa mwanachama; hakuna anayemwona mwanachama mwenzake kama kibubu. Ukiajiri, ajiri watu wa hapo, patana bei ya ngwe mbele ya shahidi, mlipe mtu siku mliyokubaliana. Mwajiri anayechelewesha ujira wa palizi kwa wiki tatu, kisha akachangia mabati ya msikiti, amejinunulia sifa kwa pesa za vibarua wake, na wao wanajua.

Kisha kuna mambo ya uzio na njia, ambayo nayapa uzito kuliko watu wanavyodhani. Shamba lako huenda linakatizwa na njia ya mguu inayotumiwa na watoto kwenda shule na wanawake kwenda kisimani, njia ambayo ni ya zamani kuliko muuzaji. Ukizungusha seng'enge siku ya kwanza, umewaongezea nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, na utakuwa umejulikana kwa jambo hilo kabla ya kujulikana kwa jina. Acha njia, au zungumzeni ihamie pembeni. Uliza desturi ya mifugo kwenye mabua baada ya mavuno. Mahali pengine wafugaji huruhusiwa kuingiza ng'ombe, na mkulima anapata samadi. Mahali pengine uhusiano umeshaharibika, kama ilivyokuwa Kilosa, ambako mgogoro wa wakulima na wafugaji ulifikia mauaji ya Rudewa mwezi Desemba mwaka 2000. Huko usijitie kwenye upande mmoja kwa sababu tu wewe unalima. Kuni zilizoanguka, uyoga wa masika, majani ya kuezekea, haya waulize wenzio wamezoea kuyachukua wapi, na kile usichokihitaji usikikataze.

Kwa wale ambao kazi inawalazimu kukaa mjini, nasema wazi kwamba mlinzi aliyeletwa kutoka mbali si mbadala wa majirani. Hana ndugu hapo, hana wa kumwambia ukweli, na akigombana na watu, wewe ndiye umegombana nao. Afadhali familia ya jirani ipewe sehemu ilime mahindi na kunde kwa makubaliano ya maandishi yanayosema wazi kwamba ardhi ni yako, mazao ni yao, na miti ya kudumu haipandwi bila kuzungumza. Mazungumzo hayo yafanyike upya kila msimu, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Na uende. Nenda msimu wa kupanda, nenda wa kuvuna, nenda ukisikia kuna msiba.

Mgogoro ukitokea licha ya yote, usianzie polisi. Kila kijiji kinapaswa kuwa na Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, watatu kati yao wanawake, ambalo kazi yake ni kusuluhisha. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata nalo limebaki na usuluhishi tu, na anayetaka uamuzi anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, safari ambayo ina nauli, siku zilizoahirishwa na mashahidi wa kulisha. Ukifika huko, mashahidi wako watakuwa ni wale majirani wanne uliosimama nao mpakani.

Jambo moja linabaki, nalo lifanywe mwaka wa kwanza, wakati kila kitu ni shwari. Kama umeoa au umeolewa, hati iandikwe majina yenu wote wawili. Watoto waliofikia umri wa kuelewa wapelekeni, watembee mipaka, wawajue akina mzee fulani na mama fulani kwa majina, na wao wajulikane kuwa ni wa nani. Nakala ya muhtasari, mkataba na vipimo viwekwe sehemu mbili, moja nyumbani na nyingine kwa ndugu mnayemwamini, na mwenzi wako aoneshwe zilipo. Mashamba mengi ya watu wa mjini hupotea baada ya mwenyewe kufariki, kwa kuwa mjane akifika kijijini na karatasi anakuta hakuna hata mmoja anayemfahamu.